Dakika Hamsini Angani

Kazi ya Mama Mizani ilikuwa kupima. Katika kiwanja kile kidogo cha ndege alipima masanduku, kisha akawasimamisha abiria wenyewe juu ya mizani, maana ndege ilikuwa ndogo na uzito ukizidi haiondoki. Mumewe alipakia mizigo na kuruka nayo kila asubuhi, akaishushe upande wa pili. Wenzake walimwita Kreni. Mikono ile ilibeba magunia kutwa na bado ilirudi nyumbani haijachoka. Ilishamng'oa mkewe meno mawili na kumvunja ubavu, kwa kosa la chai kupoa.

Mwaka uliopita Mama Mizani alitoroka. Alipanda basi la jioni kwenda kwa dada yake, katika mji ule ule ilikokwenda ndege. Kwa ndege ni dakika hamsini. Barabara huzunguka milima usiku kucha, na basi hufika mchana. Kwa hofu yake hakulifikiria hilo. Aliposhuka, miguu imevimba, alimkuta Kreni kwenye benchi la kituo, ameshakunywa chai, anachokonoa meno.

"Umechelewa, mke wangu," alisema, akavua mkanda.

Alimchapa hadharani mpaka blauzi ikalowa damu. Watu walitazama. Mambo ya mke na mume hayaingiliwi, walisema. Laana iwashukie wote! Kabla ya kumburuta arudi naye, Kreni alimwinamia sikioni.

"Ukitoroka tena, nakuua."

Hakuwa mtu wa utani. Mama Mizani akarudi kwenye mizani yake, akanyamaza, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Alikuwa anangoja ndege ijae. Desturi ya pale ni kwamba uzito ukizidi, anayeshushwa kwanza ni mfanyakazi, siyo abiria aliyelipa nauli. Asubuhi moja ikajaa kweli. Alipima kila mtu na kila mzigo, Kreni naye akiwemo, mpaka pakawa hapaongezeki hata mkoba. Ndipo akatoa tikiti mfukoni, akapanda mizani mwenyewe.

"Rubani, tumezidi," alisema. "Mpakiaji abaki."

Kreni alimkamata nywele, akambamiza uso kwenye chuma cha mizani. Jino la tatu likaruka. Rubani alipoingilia alikula ngumi ya taya, akaenda chini. Walinzi walimrundikia virungu Kreni, wakamtupa nje ya geti.

"Huyu hapandi ndege yangu tena, hata kama mzigo!" rubani alifoka akitema damu, kisha akamshika mkono Mama Mizani, akampandisha.

Basi likawa ndiyo njia pekee iliyombakia Kreni, na mkewe alijua atakuja tu. Kesho yake mchana alishuka kituoni akichechemea, miguu imevimba, panga ndani ya koti. Kwenye benchi lile lile alikaa Mama Mizani, uso umemvimba, mchi wa kinu magotini. Pembeni yake alikuwa dada mtu, naye na mchi wake.

"Umechelewa, mume wangu," alisema, akainuka.

Pigo la kwanza liliushukia mkono wa kulia, ule wa mkanda, na mfupa ukasikika. Panga likaanguka. La pili lilivunja goti. Kreni alilia akiomba watu wamsaidie. Watu walitazama. Mzee mmoja alisema mambo ya mke na mume hayaingiliwi, na hakuna aliyeingilia.