Sifuri Mbili za Kisima cha Buteba

Mwanangu, magoti yananiuma, na macho yamechoshwa na miaka ya kutazama kioo cha kompyuta. Umeniuliza kwa nini kila chati yako naikagua nikianzia kwenye sifuri. Nguvu ya maneno mengi sina. Acha nikusimulie asubuhi moja ambayo haijanitoka moyoni.

Nilikuwa kijana, ndiyo kwanza nimeajiriwa katika ofisi ndogo ya maji mjini Busia, upande wa Uganda. Kazi yangu ilikuwa kuandika msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, wa kuchora vipimo vya visima. Mkuu wangu alikuwa Bwana Owori, mhandisi mtu wa Kirewa, mpole, asiyependa kurudia neno.

Huko Buteba kulikuwa na kisima kilichotegemewa na kijiji kizima. Kando yake kikundi cha akina mama kilifunga pampu ya kumwagilia nyanya, ambazo walizivusha mpaka na kuziuza upande wa Kenya. Kiongozi wao alikuwa Shangazi Amoit, dada ya baba yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Nyanya zile ndizo zilizonisomesha, mwanangu, hilo sikufichi. Basi watu wakaanza kunung'unika kwamba maji yanapungua. Wengine wakasema ni jua tu. Kikaitishwa kikao, nami nikaagizwa nichore chati moja inayoonyesha maji na pampu pamoja.

Nikachora. Mhimili wima wa kushoto ulipima maji: sifuri ndiyo kawaida ya kisima, juu yake maji yamezidi, chini yake yamepungua. Wa kulia ulipima saa za pampu, na sifuri yake ilikaa chini kabisa ya karatasi. Kompyuta, kama kawaida yake, ikaunyoosha kila mhimili ujaze nafasi. Mstari wa maji ukaelea juu ya ukingo wa chini, katikati ya nguzo zilizoonyesha saa za pampu, ukapendeza, ungedhani kisima kina afya tele. Nikafurahi. Kipenda roho hula nyama mbichi.

Bwana Owori aliitazama, akavua miwani.

"Binti yangu, kawaida ya maji iko wapi hapa?"

Nikamwonyesha sifuri ya kushoto, katikati ya karatasi.

"Na sifuri ya pampu?"

Nikamwonyesha ya kulia, chini.

"Mmoja umemsimamisha mezani, mwingine sakafuni, kisha unawauliza watu nani mrefu. Wataangalia mstari wa chini, waone maji yako juu yake, warudi nyumbani wameridhika. Nenda kazilinganishe sifuri."

Hakupandisha sauti. Laiti angefoka, ningekuwa na kitu cha kumkasirikia.

Nikarudi kwenye msimbo. Nikaiambia kompyuta itafute, kwa kila mhimili, sifuri imekaa sehemu gani ya urefu wote. Kisha nikaulazimisha mhimili wa pampu ushuke chini ya sifuri yake, ingawa hakuna pampu ifanyayo kazi kwa saa pungufu ya sifuri, mpaka sifuri mbili zikakaa kwenye mstari mmoja. Nusu ya chini upande wa pampu ikabaki tupu. Chati ikawa mbaya kuitazama. Lakini sasa ilionekana wazi: kila nguzo za pampu zilipozidi kurefuka, maji yalizidi kuzama chini ya kawaida.

Nilijua chati ile itazima pampu ya nani.

Jioni hiyo nikaenda Buteba, maana niliona si haki Shangazi asikie mbele ya umati. Nilimkuta akipanga nyanya kwenye matenga. Nikamweleza yote.

"Sasa wewe nakuja kuniambia nini? Kwamba nyanya yangu iko nakunywa maji ya watu?"

"Ndivyo vipimo vinavyosema, Shangazi."

"Na hiyo kompyuta yako, haiwezi kuchora namna ingine?"

"Inaweza. Ya kwanza niliichora namna nyingine."

Aliiweka tengani nyanya aliyoishika. "Basi peleka hiyo ya kweli," akasema. "Lakini leo usikule kwangu."

Mwanangu, nimetukanwa na watu wengi tangu hapo. Hakuna tusi lililoniuma kama kunyimwa sahani ile.

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nilieleza chati, nikiufuata mstari wa maji kwa kidole. Shangazi akainuka, akauliza, "Huo mstari umezama, ndiyo kisima?" Nikasema ndiyo. Akaketi. Walipoulizwa nani anakubali pampu izimwe mpaka mvua, mkono wake ulitangulia mingine.

Nyanya zikanyauka. Akina mama wa kikundi wakasema nimewauza ili nisifiwe ofisini. Kiangazi kikawa kirefu, visima vya jirani vikakauka, chetu kikatoa maji ya matope lakini kikatoa. Unadhani kuna aliyekuja kunishukuru? Kisima kisichokauka hakionekani na mtu. Msema kweli hana wajoli.

Shangazi alirudi kuniita mezani mvua ziliponyesha. Alinipakulia bila kuniangalia, akasema, "Nyanya nimekusamehe. Maji siwezi kukushukuru, ni ya Mungu." Nikala, nikalia, naye akajifanya haoni.

Sikiliza basi, maana nimechoka na ninataka kulala. Ukiweka vipimo viwili kwenye chati moja, usiiachie kompyuta ikupangie. Ilinganishe misingi ya vipimo hivyo kwanza, hata picha ikichukiza. Sifuri zikikataa kukaa pamoja, chora chati mbili. Iogope zaidi chati inayokuonyesha ulichokuwa ukikitamani. Na kama ukweli wako utamwumiza mtu, tangulia mlangoni kwake, ausikie kutoka kinywani mwako kabla ya kuusikia kwa umati. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini anayeziba ufa naye huchubuka mikono.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe macho yasiyojidanganya na ulimi usio na ukali. Na siku utakayonyimwa chakula kwa sababu ya kusema kweli, akujalie mtu wa kukuita tena mezani.