Ng'ombe Aliyemwendea Mgeni

Jioni za kwetu, karibu na Mtinko, zilinukia mavi makavu ya ng'ombe yanayoungua taratibu. Mama aliyarundika upande unakotokea upepo, akayawasha kwa kaa la moto kutoka jikoni, na moshi ukatambaa chini chini hadi ndani ya zizi kufukuza nzi. Ng'ombe waliporudi kutoka malishoni walisimama katikati ya moshi ule wakiwa wamefumba macho nusu, kama watu waliofika nyumbani na kuvua viatu. Sisi watoto tulijipenyeza kati yao, tukapapasa matumbo yao yenye joto, mpaka Baba akohoe. Akikohoa tu, tunatoka mbio. Baba hakupenda kuona mtu anambembeleza ng'ombe. Kwake ng'ombe alikuwa ada ya shule, alikuwa dawa ya mgonjwa, alikuwa mke wa mtoto wake wa kiume. "Huyo ni mali, si mtoto mwenzenu," alituambia. Paka tuliruhusiwa kumpakata, mbwa tulimpa jina, lakini ng'ombe aliitwa kwa rangi yake, basi.

Aliyevunja utaratibu huo ni kaka yangu Elia. Mwaka mmoja wa ukame lambo letu lilikauka likabaki tope, na ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa amezaa karibuni aliingia kutafuta maji akakwama. Wanaume walimvuta kwa kamba hadi jua likazama, lakini hakuwa na nguvu za kujisaidia, akafia pale pale. Ndama wake alibaki zizini akilia. Baba alimtazama akasema hatafika mwisho wa wiki, tusipoteze maziwa bure. Elia hakubishana naye. Alikuwa kijana mkimya, mrefu, mwenye mikono mikubwa. Asubuhi alikama ng'ombe mwingine, akamimina maziwa kwenye bakuli la bati, akachovya vidole viwili na kumpa ndama anyonye vidole hivyo. Kidogo kidogo aliushusha mkono, hadi mdomo wa ndama ukazama kwenye maziwa. Mimi nilikuwa nimeshika bakuli. Nakumbuka ulimi wake ulivyokwaruza, na Elia akicheka kwa sauti ya chini kama anaona aibu kucheka.

Ndama hakufa. Elia alimwita Sikujua, na Baba aliposikia alikasirika kweli. "Hilo ni jina la mtu!" alisema. Hata hivyo jina lilishika, kwa sababu ng'ombe mwenyewe aliliitikia. Ukiita "Sikujua!" aliinua kichwa kutoka kwenye majani na kuja akitembea bila haraka. Ndama wetu walilala ndani ya tembe pamoja nasi, na walipokua walitolewa kwenda zizini na wenzao. Sikujua alitolewa akarudi, akatolewa tena akarudi, mpaka pembe zikaanza kugonga mlango. Alipenda maganda ya viazi vitamu na chumvi iliyowekwa kiganjani. Mama akisonga ugali wa uwele, kichwa cha Sikujua kilikuwa kimeshachungulia jikoni, na Mama alikisukuma kwa mwiko huku akilalamika kwa Kinyaturu, kisha akamtupia ukoko. Akiwa malishoni, Elia alijilaza kivulini mwa jiwe moja kubwa, na Sikujua alilala kando yake akicheua, akiwaacha wenzake waende. Watu wa kijijini walimcheka kaka yangu. Walimuuliza harusi ni lini.

Hakuwa mnyama wa kuchezewa tu. Alikua akawa na nundu nzuri na ngozi nyekundu inayong'aa, akazaa, akawa na maziwa mengi kuliko wengine wote. Ila hakukubali kukamwa na mtu mwingine isipokuwa Elia. Mama alijaribu, akapigwa teke, maziwa yakamwagika. Nami nilimpenda kwa namna yangu. Nilimsimulia mambo ya shule wakati Elia akimkama, na aligeuza sikio moja upande wangu. Mpaka leo watu wakiniuliza kama ng'ombe anaweza kuwa rafiki wa nyumbani kama paka, naliona lile sikio.

Kisha Elia alipata mchumba. Aliitwa Mariamu, binti wa upande wa Ikungi, aliyefahamiana naye alipokuja kumsaidia shangazi yake wakati wa mavuno ya alizeti. Wazee walikubaliana mahari ya ng'ombe na mbuzi, na siku ikapangwa ya wakwe kuja kuchagua. Walikuja asubuhi, wakiongozwa na baba mdogo wa Mariamu, mzee mfupi aliyevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Tulimwamkia shikamoo mmoja mmoja, akatuitikia akitutaja kwa majina aliyoyauliza papo hapo. Alikuwa mtu mwema, na nalisema hilo kwa sababu kwa miaka mingi nilitamani angekuwa mbaya.

Baba alikuwa amepanga mambo. Alisimama makusudi mbele ya Sikujua, akamwonyesha mzee dume jeusi, kisha majike mawili yaliyonona. Mzee alipokaribia, wale wengine walirudi nyuma, wakakoroma, wakabanana kwenye miiba ya zizi kama ng'ombe yeyote afanyavyo akimwona mgeni. Sikujua peke yake alimzunguka Baba akaenda moja kwa moja kwa yule mzee, akanusa koti lake, akalamba mkono wake kutafuta chumvi.

Mzee alicheka kwa furaha. "Huyu amenichagua mwenyewe," alisema. "Tunamchukua huyu."

"Yule dume mweusi ana mwili mzuri zaidi," Baba alisema. "Na huyu ana tabia ya kupiga teke. Chukua mweusi, nitakuongezea na mtamba."

"Mkwe, ng'ombe mpole namna hii, unasema anapiga teke?" Mzee alimpapasa Sikujua kati ya pembe. "Au hutaki tuwe na ng'ombe mzuri?"

Kusema zaidi kungekuwa kuwatukana wakwe mlangoni. Baba alimtazama Elia, na nilipomwona anamtazama hivyo nilijua kwamba Baba, pamoja na kukohoa kwake kote, angetoa majike yote mawili ili abaki na yule mmoja. Elia alikuwa ameshika nguzo ya lango. Alisema tu, "Sawa, mzee," akatoka kwenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyataka.

Ilibidi yeye mwenyewe ampeleke, maana Sikujua hakumfuata mtu mwingine. Walitembea na vijana wa Ikungi, wakalala njiani, na njia nzima ng'ombe wengine walichapwa fimbo lakini yeye alifuata mgongo wa kaka yangu. Elia aliporudi alinieleza jambo moja tu. Alisema alimwingiza katika zizi la ugenini, akafunga lango, na Sikujua akasimama akimsubiri, hana wasiwasi wowote. Hakulia mpaka Elia alipofika kwenye kona ya njia. Baba alikuwa karibu akisikia, na tulidhani atasema, "Nilikuambia." Hakusema. Alimkaribisha chai.

Mariamu aliingia nyumbani kwetu akiwa hajui chochote. Aliyajua yote alipokwenda kuwasalimia wazazi wake baada ya mvua za kwanza. Kule Sikujua alikataa kukamwa, akakonda, akawa anatoka zizini na kupotea akielekea kaskazini, upande wa kwetu, na mara moja aliharibu shamba la jirani. Walipochoka walimpeleka mnadani. Mfanyabiashara mmoja alimnunua, akampakia kwenye lori pamoja na wengine. Mariamu alirudi akamwambia Elia tukiwa tunapukuchua mahindi.

"Kama ningejua, ningewaambia wamwache," alisema akilia.

"Ungewaambiaje? Mbele ya wazee wale?" Elia alimjibu kwa upole. "Si kosa lako. Wala si kosa lao." Aliendelea kupukuchua. Kinachoniuma zaidi ni kufikiri kwamba hata kwenye lori lile, yule mnyama alimwendea mtu wa kwanza aliyemwona.

Siku hizi ninaishi Singida mjini. Jirani yangu anafuga ng'ombe wawili wa kisasa bandani, wanaletewa majani hadi mdomoni, na watoto wangu huenda kupiga nao picha kwa simu. Wanawapenda na hawaogopi kuwapenda, kwa kuwa hawajawahi kuona ng'ombe akibeba harusi ya mtu. Ninawaonea wivu kidogo. Mwaka jana niliwapeleka kwa mjomba wao. Elia amezeeka, yeye na Mariamu bado wanataniana, na ng'ombe wao ni wachache lakini wana afya. Binti yangu alinyoosha mkono juu ya lango. Kundi zima lilishtuka, likakimbilia upande wa pili wa zizi, likageuka kututazama kwa mbali.

"Mjomba, mbona wanatukimbia? Ni wakali?" aliuliza.

"Si wakali," Elia alisema. "Nimewafundisha kuogopa watu."