Wifi Yangu Alitia Sahihi

Jumatatu moja asubuhi tuliamka tukakuta mtaa wetu umekatwa vipande viwili.

Sitanii.

Watu wa ofisi ya elimu walipita na kopo la rangi. Upande wangu wa barabara, kila mlango ukachorwa namba mbili. Upande wa pili, namba moja.

Barabara yenyewe ukirusha kiatu kinatua ng'ambo.

Namba moja maana yake watoto wanabaki shule ya karibu, ile ambayo kengele yake tunaisikia tukiwa jikoni. Namba mbili wanahamia shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa dakika arobaini, malori yakipita kama yanafukuzwa.

Sababu waliyotoa ilikuwa ya kweli, tusidanganyane. Shule ilifurika. Darasa la binti yangu lilikuwa na watoto tisini na wanne, wengine wanaandikia magotini.

Lakini kwa nini wetu?

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ninayoishi. Mlango ukawa namba mbili.

Nyumba inayotazamana na yangu anaishi wifi yangu, dada wa mume wangu. Yeye namba moja. Ana binti mmoja wa miaka tisa, anatembea kwa magongo. Kila asubuhi binti yangu alikuwa anavuka, anambebea begi, wanaondoka taratibu wakicheka mambo yao.

Kikao kikaitishwa shuleni. Nilidhani tutaongea kijirani.

Wapi.

Fundi baiskeli wa upande wa namba moja alisimama akasema hapendi ugomvi, ila kila mtu apambane na hali yake. Wenzake wakampigia makofi. Waliopiga makofi wengine nimewasuka tangu hawajaolewa.

Damu ikanichemka. Nikasimama mbele ya watu wote nikaahidi kuandika barua na kukusanya sahihi hadi mpaka ule ufutwe. Mume wangu aliniambia tukiwa njiani niache kimbelembele. Nikamwambia kama hana la kusaidia anyamaze.

Wiki mbili nilizunguka mlango kwa mlango. Upande wetu walitia sahihi wote. Upande wa pili walinifungia. Kuna mteja nilikuwa nimemsuka nusu kichwa, nikatoa karatasi, akainuka na kuondoka hivyohivyo, nusu mistari nusu msitu.

Nilicheka siku ile. Saluni ilipoanza kukauka sikucheka tena.

Mwalimu mkuu akanishauri kwamba barua bila sahihi hata moja ya upande wa pili itaonekana ni wivu tu.

Basi nikaenda kwa wifi. Nilimkuta anakunja nguo. Nikamweleza yote, akanisikiliza bila kuacha kukunja.

"Wifi, mwanangu yuko salama pale," akasema. "Nikitia sahihi hawatamgusa?"

"Nani amguse? Tunaomba wetu warudi. Hakuna anayetoka."

Akaweka nguo kando, akavuta karatasi.

"Sawa. Naamini neno lako. Hao wa ofisi siwajui."

Akatia sahihi.

Baada ya mwezi mmoja na nusu nikaitwa ofisini. Afisa alikuwa mama mmoja mpole, miwani puani, akaniambia ombi letu limekubaliwa. Kidogo nipige vigelegele.

Kisha akanisomea. Barua yetu ilikuwa imeomba mtaa wetu usigawanywe. Ofisi imeona hoja hiyo ni nzuri. Mtaa mzima, pande zote mbili, sasa utakuwa namba mbili.

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena, maneno yaleyale.

Nikamweleza kuhusu mtoto wa magongo. Nikamweleza ile barabara kuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mzazi wake mwenyewe ameomba. Sahihi yake hii hapa."

Nilichoka.

Tulikata rufaa. Tukaambiwa orodha imefungwa mpaka mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja, tukaambiwa hayo yalishaamuliwa.

Yule mtoto alikwenda shule mpya siku tatu. Ya tatu, katikati ya barabara kuu, gongo liliteleza akaanguka. Lori lilifunga breki hatua chache kutoka kichwani kwake. Binti yangu ndiye aliyemburuta pembeni.

Hakuumia. Ila hajavuka tena.

Sasa ni mwaka wa pili. Asubuhi wenzake wakipita anakaa dirishani, halafu anafunga pazia. Binti yangu humpelekea madaftari jioni. Zamani alikuwa anayanakili. Siku hizi anayapokea, anasema asante, anayaweka.

Fundi baiskeli hanisalimii. Wa upande wangu nao hawanisalimii, maana hawakupata chochote. Mume wangu haendi tena kwa dada yake, anasema anaona aibu.

Nilimwendea wifi nikapiga magoti. Akaniinua.

"Mkono uliotia sahihi ni wangu," akasema. Akaendelea kuanika nguo.

Angenitukana ningepata pa kushika.

Wewe unayesoma hapa, siku ukienda kudai haki ya mtaa wako, usiandike tu unachokikataa. Andika unachokitaka, mpaka mtoto mdogo akisoma aelewe. Na kabla hujamwomba sahihi mtu ambaye tayari yuko salama, jiulize: kama wewe ndiye ungekuwa upande wake wa barabara, ungetia?

Mimi nilijiuliza nikiwa nimechelewa.

Nisingetia.