Mulamula ya Ufukweni

Kinu cha kahawa kilipohamishwa kutoka ufukweni Bukoba, mwaka 1972, wapakizi waliondoka nacho, na Felicitas akabaki na sufuria kubwa kuliko tumbo lake. Ndiye aliyewapikia ndizi na maharage. Hakuwa na mtoto. Mume alifia Kagoma, shemeji akachukua kibanja, shamba lao la migomba. Nyuma ya ghala, uani kwa nyumba yake, alikuwa amepanda migomba juu ya makapi ya kahawa, akaizungushia mulamula, mti wa mpakani. Mhaya akiuona, harukii ng'ambo.

Baraza la mji likabomoa maghala, likang'oa seng'enge. Mafunjo yaachwe yaote, samaki wazaliane, watu wapate njia hadi majini. Msimamizi, Ishengoma, kijana aliyekulia Mwanza, alitaka mmea wa kupamba kingo za njia. Felicitas akakata vipande vya mulamula, akapanda mwenyewe. Kwake njia nayo ilikuwa mali, na mali huwekewa mpaka. Alichotaka ni watu. Hata mmoja wa kuongea naye.

Hawakuja. Walifika barabarani, wakaona mulamula imejipanga, wakasema ni kibanja cha mtu, wakarudi.

Ishengoma akaamuru ing'olewe. Vibarua wakaweka majembe chini: mulamula hung'olewa na aliyeipanda. Ikabidi amfuate mwenyewe.

"Waitu mama, tusaidie. Ing'oe."

"Jina la hapa, macho ya Mwanza. Na ya uani kwangu?"

"Nayo. Ramani inapita hapo."

"Basi ramani ikapike ndizi."

"Mama, unataka watu au unataka mpaka?"

Felicitas akahesabu pande za uani kwa kidole.

"Nang'oa ya njiani, na upande mmoja wa uani. Wapite. Pande tatu sigusi, na nyumba hugusi."

"Wakila ndizi zako?"

"Wakila watakaa."

Mapatano mazuri; mimi, mnunuzi wa ndizi, nisingepata zaidi. Akang'oa, na watu wakaja, Jumapili baada ya kanisa. Walikatiza uani, "Shikamoo mama," miguu haijasimama, wakashuka majini. Jioni walirudi vilevile. Watu wa heshima. Ndizi ya mtu hawakugusa.

Niliposhuka kutoka Miembeni kununua ndizi, nilimkuta kwenye benchi ambalo wapakizi walikuwa wakikalia kula, amekalia ncha moja. Nilitaka mikungu yote. Akaniuzia yote isipokuwa mmoja, mbivu, uliolazwa benchini kando yake.

"Huo utaoza," nikamwambia.

"Uache."