Siku Saksafoni Ilipotoka Hewani

Tukipiga simu kampuni ya bima na kuambiwa tusubiri, wenzangu hukasirika, mimi hutulia. Zile saksafoni laini wanazotupigia ili tusikate simu hunirudisha jikoni kwetu Herndon, Marekani, nikiwa na miaka kumi na mmoja, vitunguu vinakaangwa na redio ndogo ya kijivu inaimba juu ya friji. Mhudumu akipokea mapema, naudhika kidogo.

Siku hizo kulikuwa na stesheni iliyopiga jazi laini mchana na usiku. Anti Njeri, jirani yetu Mkenya aliyetunza wazee majumbani, aliicheka kila alipopanda kutusalimia. "Mama Neema, hiyo ni music ya kwa dentist. Nikiisikia tu, meno yananiuma." Mama hakujali, maana hakuwa akisikiliza muziki hata kidogo. Alimsubiri mtangazaji wa mchana, mwanamume wa sauti nzito aliyesema Kiingereza taratibu, neno baada ya neno. Kwa mama, aliyetoka Singida akiwa mtu mzima, huyo ndiye Mmarekani pekee asiyekuwa na haraka. Yeye akisema sentensi, mama anairudia huku anakatakata mchicha: foleni ya magari, hali ya hewa, matangazo ya magodoro. Hata mchungaji akipiga simu aliagwa kwa "Stay with us" nzito ya redioni, nami nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Alikuwa na sababu. Kazi yake ilikuwa kusukuma wasafiri wenye viti vya magurudumu uwanja wa ndege wa Dulles. Alichokitamani ni kukaa kwenye kaunta ya maelezo pale ukumbini, mbele ya kipaza sauti, awatangazie abiria. Mara mbili aliomba, na mara mbili aliambiwa kwamba watu hawatamwelewa. Safari hii msimamizi mpya alikubali kumjaribu, baada ya wiki mbili.

Mimi, niseme ukweli, nilikuwa mtoto wa kiburi. Mama akiniuliza jambo kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza, tena cha kasi, nikijua kabisa hatakishika. Nilikula mbiombio nikajifungia chumbani, na ujanja huo niliuonea fahari.

Basi jioni moja, wiki hiyohiyo aliyokubaliwa jaribio, mama aliwasha redio, zikatoka gitaa za kelele na kijana anayebwabwaja kama anayefukuzwa na mbwa. Mama akazungusha kitufe. Akabadilisha betri. Akaigonga redio ubavuni. Ikabidi nimweleze kwamba wenye stesheni wameuondoa muziki ule wakaweka mwingine, na watangazaji wake wameondoka nao. Alikaa kitini, kisu bado mkononi.

"Hata kwaheri?" akauliza. "Mtu wa miaka yote hiyo, hata kwaheri jamani?"

Nilidhani atalia. Badala yake akanisogezea gazeti. "Haya, soma wewe."

"Mom, no."

"Soma, mwanangu. Taratibu, kama yeye."

Siku ya kwanza nilisoma kwa kasi, kwa kumkomoa tu. Alisema "Rudia." Nikarudia, akasema tena "Rudia," mpaka wali wangu ukapoa na kiburi kikachoka. Siku ya tatu gazeti liliniishia, nikaanza kutangaza habari zangu mwenyewe kwa ile sauti nzito: huko shuleni leo kulikuwa na mtihani wa hesabu, huko kantini, wasichana watatu wamehama meza kwa sababu chakula cha Neema kinanuka. Mama alirudia kila sentensi nyuma yangu. Hiyo ya mwisho aliikatiza katikati.

"Kina nani hao?" akauliza.

Nikamsimulia yote, na nilipomaliza ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nasema Kiswahili.

Siku ya jaribio shule zilikuwa zimefungwa, nikaketi na Anti Njeri kwenye benchi la ukumbini. Msimamizi, mwanamke mrefu, alimpa mama karatasi ya tangazo la kweli: abiria mmoja alikuwa amesahau pasipoti yake. Kipaza sauti kikawashwa. Sauti ya mama ikashuka kutoka darini, pana, imetulia, ya Singida kabisa, na ukumbi mzima ukainua vichwa. Mzee mmoja mwenye suti akajipapasa mifuko, akageuka mbio, sanduku linapepesuka nyuma yake. Mama akamwona, akaongeza jambo ambalo halikuandikwa popote: "Sir, don't run. We are waiting for you."

Watu wakacheka, na msimamizi naye akacheka mpaka akashika kaunta. Anti Njeri akapiga vigelegele hadi askari akageuka. "Wueh! Huyo ni Mama Neema!" Mimi nilipanda juu ya benchi nikapiga kelele, "Mama yangu huyo! Mama yangu!" Jumatatu iliyofuata viti vya magurudumu akawaachia wengine.

Miaka mingi nilitamba kwamba ni mimi niliyemfundisha mama kutangaza. Mwaka jana, tukila pamoja nyumbani kwangu, Anti Njeri alimgeukia akamuuliza, "Na zile kaseti za Kiingereza nilikuletea siku ile redio ilibadilishwa, ziliwahi kusaidia?"

Nilishusha kijiko. Sikuwahi kusikia habari za kaseti.

"Sikuzifungua," mama akasema, akiendelea kula. "Sauti niliyokuwa siielewi haikuwa ya Wamarekani. Ilikuwa ya huyu hapa."