Moyo Nao Nani Amebiga?

Shuleni niliandika "mapigo ya moyo" kwenye mtihani wa bayolojia, nikapata maksi zangu, wala sikujiuliza neno limetoka wapi. Limetoka kwenye kupiga. Pigo la ngoma, pigo la fimbo. Hata msiba ukiingia nyumbani ni pigo. Kisomali chetu nacho ni hivyo hivyo: garaac ni ya moyo, ni ya mlango, ni ya mtoto anayechapwa. Hakuna aliyenionya kwamba neno hilo linaweza kuua.

Uchungu ulinianza asubuhi. Mama mkwe akanipeleka na tuktuk mpaka kliniki ndogo hapo mtaani kwetu Galbet. Mume wangu alikuwa safarini Diff, simu haishiki, kwa hiyo kauli ilikuwa ya mama yake. Nesi, mtu wa bara, akaniwekea tumboni ile pembe ya kusikilizia. Akasikiliza. Akaihamisha. Akaacha kunitania.

"Shosh," akamwambia mama mkwe, "mapigo ya mtoto yanashuka. Lazima aende hospitali kubwa, pengine apasuliwe."

"Mabigo?" Mama mkwe, ambaye kila p kwake ni b, akasimama. "Nani amebiga? Kijana yangu habigi bibi, wallahi!"

"Si kijana wako! Ni mapigo ya moyo!"

"Moyo nao nani amebiga?"

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka. Mpaka leo sijamsamehe.

Mama mkwe akaanza kukusanya nguo zangu. Hatukai mahali tunapotukanwa, akasema kwa Kisomali, mtoto atazaliwa nyumbani kama baba yake alivyozaliwa. Nesi akanigeukia: "Mwambie, dada. Haraka!" Nami uchungu umenibana, pumzi sina, maneno ya lugha zote mbili yamenikimbia. Nikabaki nimemng'ang'ania buibui. Uchungu ulipoachia ndipo nikapayuka: "Wadnaha! Moyo wa mtoto unasimama!"

Akaziachia nguo. "Mbona hukusema?"

Mbona sikusema! Mimi!

Tukakimbizwa hospitali kubwa, nikapasuliwa. Mwanangu alitoka kimya, akalia baadaye sana. Daktari akasema alikosa hewa kwa muda, ubongo wake tutaujua atakapofika umri wa kukaa.

"Amesemaje?" mama mkwe akauliza.

Nikamtafsiria neno kwa neno. Sikumpunguzia hata moja.

Sasa ana miezi minane. Wenzake wanakaa. Mimi namwegemeza kwenye mto, naondoa mkono, anaangukia upande wa kushoto. Namwegemeza tena. Mama mkwe huvaa ndara zake akatoka nje.