Hofu Iliyofutwa

Dada mtu aliingia kwa mdogo wake Jumamosi mchana na buti za kazini miguuni, wala hakuzivua mlangoni. Hapo hapo fundi baiskeli, mchezaji mwenzao, aliyekuwa ameshakaa mezani na dadu zake, akajua leo kuna jambo.

Alikuwa daktari wa mifugo. Kwa miezi saba, kila akitoka zizini, alikaa kuuandikia mchezo wa mezani wa mdogo wake, ule wa kusimulia kisa na kurusha dadu, aina mpya ya mhusika: mlinzi wa msitu, anayeazima nguvu za mimea na kujigeuza mnyama yeyote. Kazi yote ilisimama juu ya sharti moja: ukivaa mwili wa mnyama, unavaa na hofu yake. Hakulitoa hewani. Alishaona fahali wa kubomoa ukuta akitetemeka mbele ya mpira wa maji, akamkumbatia shingo mpaka mapigo yakatulia.

Jana alitumiwa kurasa za mwisho, zinazokwenda kwa mpiga chapa Jumatatu. Jina lake lilikuwepo juu. Sharti halikuwepo.

"Umelifuta," alisema.

"Dada, kaa kwanza unywe maji."

"Sikuja kunywa maji."

"Watu wanataka kufurahi. Mtu awe farasi wa vita, halafu akimbie mfuko wa nailoni?"

"Farasi anakimbia mfuko wa nailoni. Njoo kazini nikuonyeshe."

Fundi akacheka, akatazamwa, akanyamaza.

Dada mtu akavuta kiti. "Haya, tucheze. Kwa hizo sheria zako."

Mdogo wake alikuwa ameandaa ngome yenye malango saba, walinzi arobaini na malkia katili. Kisa cha kuchezwa wiki sita. Akaanza kusimulia lango la kwanza.

"Najigeuza nzi," dada mtu akasema. "Napita chini ya lango. Na la pili. Na yote yaliyobaki."

"Ukumbini kuna moshi wa mienge."

"Nzi wangu haogopi moshi, umeshafuta. Natua begani kwa malkia. Najigeuza tembo."

Fundi aliitazama ramani ya ngome mezani, kisha akaanza kurudisha dadu kifukoni, moja moja. "Mimi hata upanga sijachomoa," alinung'unika.

"Tembo haruhusiwi ndani ya ngome," mdogo wake akasema.

"Ukurasa gani?"

Akapekua, uso umemwiva. Hakukuwa na ukurasa huo. Zilikuwa zimepita dakika nne.

"Nitalirudisha," akasema mwishowe.

"Kalamu hiyo hapo. Liandike nikiona."

Akaandika. Dada yake alisimama nyuma ya kiti, mikono kifuani, akimfuata neno kwa neno. Kijana alipoandika kwamba mhusika anaweza kuogopa, dada alimgonga bega. "Anaogopa. Hana hiari." Akakata, akaandika upya. Hasira haikuwa imemshuka dada mtu. Alilisoma sharti mara mbili, akaikunja karatasi na kuitia mfukoni pamoja na kurasa nyingine zote.

"Jumatatu usijisumbue," akasema. "Kwa mpiga chapa nitakwenda mwenyewe."